Maneno Niliyoyatoa Jiweni

Chimala, alasiri

Mwanangu Yusta,

Jirani yetu Mama Masanja amenicheka sasa hivi. Amechungulia mlangoni ameshika kitana, akaniuliza, "Mwalimu, unamwandikia nani?" Nikamwambia nakuandikia wewe. Akageuka akakutazama ulivyokaa kwenye mkeka kivulini mwa jiko, hatua ishirini kutoka mezani kwangu, kichwa nusu kimesukwa na nusu bado, akasema, "Yesu wangu! Si umwite tu?"

Ningeweza kukuita. Tangu Jumapili nakuita. Ukija nakuuliza kama umekula, au kama umeona soksi zako, halafu unarudi zako na mimi nabaki na maneno yangu mdomoni. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Miaka yote hii ya kushika chaki, na bado neno zito siwezi kulisema mpaka niliandike kwanza.

Mambo ya safari yako ya chuo kesho sitayagusa. Blanketi, maji, nani umkalie karibu kwenye basi, hayo Mama Masanja ameyamaliza. Mtu aliyeswaga ng'ombe na mume wake kutoka Usukumani mpaka Usangu hatashindwa kufunga sanduku la msichana mmoja. Wala sitakuambia usome kwa bidii, maana hilo nikikuambia utanicheka kama yeye.

Nataka kurudi kwenye ile jioni ya likizo yako ya mwisho, ulipotoka shuleni Mbeya na yale makaratasi uliyopewa na mwalimu wako wa fasihi. Nyimbo za wanawake wa Iringa, zilizokusanywa na mama mmoja wa Kizungu zamani za wakoloni. Ulinisomea tukiwa tunakula, ukigeuza Kiingereza chake kuwa Kiswahili. Nakumbuka ulisoma hivi: "Mume wangu yu mbali kazini, nami namngoja kwa subira, nyumba yake naifagia, jina lake nalitunza." Ukaweka karatasi chini kwa hasira, ukasema, "Baba, haiwezekani. Hawa wanawake hawana hata mwili. Hawachoki, hawakasiriki, hawatamani kitu. Ni wanawake au ni vyungu?"

Nilicheka. Siku hizi ukikasirika unapendeza, na kila kitu kwako ni unyonyaji, hata mimi nikiomba chai. Nikakujibu, "Ndivyo walivyokuwa mama zetu." Ukanitazama sana. Kisha ukaniuliza jambo ambalo hukuwahi kuniuliza tangu udogo wako: "Na mama, alikuwa anaimba?" Nikasema, "Mama yako? Hapana. Mama yako alikuwa mtu mkimya."

Yusta, makaratasi yale niliyatafsiri mimi. Zile herufi mbili ndogo chini ya kila ukurasa ni jina langu. Na mama yako hakuwa mtu mkimya.

Sasa nimelisema. 

Acha nikueleze ilivyokuwa. Nilikuwa nimerudi kutoka mashamba ya mkonge, kule nilikokuwa karani miaka mitatu. Nilimwacha mama yako tukiwa na mwaka mmoja wa ndoa, wewe hujazaliwa. Katika miaka hiyo mitatu niliandika nyumbani barua mbili, na katika zote nilimsalimu baba yangu, nikauliza habari za ng'ombe. Nilikuwa na likizo nikaila kulekule. Nilikuwa na mwanamke mwingine. Jina lake sina haja ya kuliandika, hakunikosea kitu. Mkataba ulipokwisha nikarudi na sanduku na kofia, nikaingia ndani nikakaa kama mtu aliyetoka sokoni asubuhi, wala sikusema lolote juu ya miaka ile. Mama yako Anjelina naye hakuuliza. Alinipikia.

Miezi miwili baadaye yule mama wa Kizungu akaja. Watu walimwita Bibi Daftari kwa sababu alikuwa haachi kuandika. Hata mbuzi akipiga chafya aliandika. Alikuwa mtu mwema kwa namna yake. Alitafuta mtu wa kumfasiria Kihehe, na mimi nilijua Kiingereza cha misheni, basi nikaanza kukaa naye kiti cha mbele katika gari lake. Nilijiona mtu. Tukipita njiani nilikuwa nawapungia wenzangu kwa vidole viwili tu.

Alitaka nyimbo za kusaga. Wewe umekulia kwenye mashine, huijui nyumba ya kusagia, hivyo nikueleze. Wake wa boma moja na majirani zao walikuwa wakisaga pamoja, kila mmoja na jiwe lake, wamepiga magoti, na mikono inakwenda na kurudi kwa wimbo. Na hapo palikuwa na desturi yetu kubwa. Lile ambalo mwanamke hawezi kumwambia mkwewe au mumewe mdomoni, alikuwa na ruhusa kulisema jiweni, akiimba. Mama mkwe alisikia kutoka uani kwamba ni mchoyo wa chumvi. Mume alisikia kwamba mkono wake mwepesi wa kupiga unajulikana. Aliyeguswa alinyamaza, na kama ana akili alijirekebisha polepole bila kusema kwa nini. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuyachukua maneno yale akayaleta barazani akaulizia. Yalikuwa ya jiweni, basi. Wazee walitunza desturi hiyo kuliko mipaka ya mashamba.

Wanawake walimkubali Bibi Daftari kwa sababu na yeye mwanamke. Mimi wakaniwekea sharti. Nikae nje ya mlango, mgongo kwao, uso kwenye zizi. Nikakaa hivyo. Nikawa nasikia wimbo nyuma ya kichwa changu, nausema kwa Kiingereza kuelekea kwa ng'ombe, na yeye anaandika.

Wimbo wa kwanza ulimhusu yeye mwenyewe. Waliimba kwamba mkono wake mweupe kama muhogo uliomenywa, je, nani anamsagia huyu, na huyo anayemsagia, nani anawasagia watoto wake? Wakacheka mpaka mawe yakasimama. Bibi Daftari akaniuliza wanacheka nini. Nikasema, "Wanakukaribisha." Akaandika. Ukifika maktaba ya chuo, yalikohifadhiwa makaratasi yake yote, utauona, ni wimbo wa makaribisho.

Kisha akaanza mmoja peke yake, na wengine wanamwitikia. Sikuhitaji kugeuka. Ilikuwa sauti ya Anjelina, sauti nzito kidogo, inayoanza chini kama mtu anayejivuta kuinuka. Nitakuandikia maneno kama ninavyoyakumbuka, nimeyageuza Kiswahili mwenyewe, na safari hii sikupunguza:

Kitanda changu kimekuwa kipana, ungeweza kuchungia ng'ombe.
Mwili wangu si ghala la kufungwa mpaka mavuno.
Mzungu wa mkonge analala na mke wake,
na mume wangu ndiye aliyemtandikia.

Unaona, Yusta? Yale unayotaka kwenda kusomea miaka mitatu, mwanamke na mwili wake, mweupe na mweusi, nani anafanya kazi na nani analala, mama yako aliyasema kwa mistari minne akiwa amepiga magoti, unga mpaka kwenye viwiko.

Alijua nimekaa pale. Hilo nimelielewa baadaye sana, wewe ukiwa tayari unatembea. Alikuwa amengoja miezi miwili niseme, nami sikusema, basi akatumia njia tuliyoachiwa. Alikuwa ananipa nafasi. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, kurudi nyumbani, na kuanza taratibu kuwa mume.

Kulikuwa na mstari wa tano. Alivuta pumzi kuuanza, na wanawake wote wakavuta pumzi pamoja naye, maana huo ulikuwa wa kuitikiwa na wote. Nikainua mkono nikasema kwa nguvu, "Inatosha!" Bibi Daftari akashtuka. Akaniuliza wimbo unasemaje. Na hapo ndipo nilipomwambia yale uliyosoma mezani. Mume wangu yu mbali kazini, nami namngoja kwa subira.

Mara nyingi nimejiuliza kwa nini. Aibu ya mwanamume ipo, sikatai. Nilikuwa nimevuliwa nguo mbele ya ukoo. Lakini kulikuwa na kingine, na hiki nakuambia kwa sababu utakutana nacho katika vitabu na pengine utawahukumu upesi watu wa namna yangu. Niliona aibu mbele ya Mzungu. Kule mkonge nilikuwa nimewasikia wanavyotusema mezani kwao, mimi nikiwa nimesimama na faili mkononi, kwamba sisi ni watu wa tamaa tu, na wanawake wetu ndio hivyo zaidi. Nikaapa sitampa mtu mweupe neno lolote la kumsaidia kusema hivyo. Nikajiona namtetea mama yako. Nikamvisha subira, nikamvisha ufagio, nikampeleka Ulaya akiwa safi. Kumbe nilikuwa nimemwondoa yeye, nikamwacha yule chungu uliyemkasirikia.

Ningeishia hapo, ungeweza kunisamehe. Sikuishia hapo. Jioni ileile nikamfikisha mbele ya baba yangu na baba zangu wadogo wawili, nikasimama nikayarudia maneno ya jiweni, mstari kwa mstari, nikaomba wazee waamue. Baba akatazama chini.  Mama yangu, bibi yako, akatoka jikoni bila kuitwa.

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Nimeyasikia kwa masikio yangu."

"Ulikuwa unasaga?"

"Nilikuwa mlangoni, mama."

"Basi mwanangu, umeyatoa jiweni ukayaleta barazani. Sasa niambie, nani atasaga na mke wako?"

Wazee wakasema hapa hakuna kesi, wakaomba pombe, wakaongea habari za mvua. Mimi nikadhani limekwisha.

Kesho yake Anjelina alibeba mahindi yake akaenda kusaga. Wenzake walimwamkia vizuri, Kamwene, Kamwene, wakampisha nafasi. Alipopiga magoti wakaanza kuimba nyimbo za kanisani. Siku iliyofuata vilevile. Hawakumchukia, Yusta. Walimwogopa mume wake. Kila neno lililosemwa mbele yake lingeweza kufika barazani kupitia nyumba yangu. Baada ya wiki mbili aliondoa jiwe lake akalileta nyuma ya nyumba yetu, akasaga peke yake, kimya, miaka kadhaa, mpaka mashine ilipoletwa. Wanawake wengine waliishangilia mashine kwa sababu ilipunguza kazi. Yeye aliniambia tu, "Afadhali. Kule kuna kelele."

Huyo ndiye mama unayemkumbuka. Ulikuwa na miaka sita alipofariki, na ulimjua akiwa tayari hivyo. Ulipokuwa ukiniuliza wakati mwingine kama alikupenda, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukuimbia, nilikuwa nakujibu kwamba ndivyo alivyoumbwa. Hakuumbwa hivyo. Hilo ndilo kosa langu kubwa kwako, kuliko yale ya makaratasi.

Unanitania kila siku juu ya kikohozi changu, kwamba nikirudi nyumbani nakohoa kuanzia barabarani kama lori linalopanda mlima. Sina ugonjwa. Siku moja, wewe ukiwa mgongoni mwake, nilirudi mapema nikamsikia anaimba chinichini nyuma ya nyumba. Nilisimama sijui muda gani. Kisha nikakanyaga kijiti, akanyamaza. Tangu siku hiyo nikawa nakohoa nikiwa mbali, ili kama yuko kwenye wimbo aumalize bila kushtuka. Sikuwahi kumwambia. Na sikumsikia tena. Lakini kikohozi hakijanitoka, miaka yote hii hayupo na bado nakohoa.

Namkumbuka. Sijakuambia hivyo hata mara moja, naona. Namkumbuka mpaka wakati mwingine darasani nasahau nilichokuwa nafundisha, watoto wananiangalia. Na wewe unapoondoka kesho, nyumba hii itanibakia na kikohozi.

Sasa ombi langu. Kuna mtu mmoja aliyeendelea kusaga na mama yako baada ya wote kuacha. Mdogo wake, mama yako mdogo Faustina. Alikuwa akitembea kutoka kwake mara moja kwa wiki na kikapu chake, wanapiga magoti nyuma ya nyumba wawili, sauti zao chini sana. Nilikuambia Faustina ni mgomvi na mlevi, na kwamba ndiyo maana hatutembeleani. Si mlevi. Anauza togwa Mlandege, Iringa mjini, karibu na soko. Siku ya mazishi alinisogelea mbele ya watu akaniambia, "Shemeji, wewe ulimzika siku nyingi, leo sisi tunamalizia." Sikumsamehe, kwa sababu ilikuwa kweli. Alituma watu mara tatu kuomba ukakae kwake likizo. Nilikataa, na nilipopata uhamisho wa kuja huku Chimala niliufurahia, nikakuambia ni kwa ajili ya mchele. Niliogopa atakuimbia.

Basi kesho usiende moja kwa moja. Basi likifika Iringa, shuka. Chuo kitakungoja siku mbili. Panda mpaka Mlandege, muulize Faustina wa togwa, kila mtu atakuonyesha. Akikuona atajua wewe ni nani kabla hujasema, kwa sababu umechukua paji la uso la dada yake. Mwambie baba hakukutuma kwa amri, anaomba. Mwambie nimekiri kwako nilichofanya, na hana haja ya kunificha wala kunilinda. Kisha kaa naye. Kama ana jiwe bado, piga magoti usage, hata kama utaharibu mahindi yake. Sidhani kama atakuimbia umekaa kitini na daftari.

Fanya hivyo kabla hujaingia maktaba. Ukianza na makaratasi yale utajifunza nilivyotaka wewe ujue, na utakuwa mkali na mwerevu juu ya uongo wangu, lakini bado utakuwa unazungumza na mimi. Anza na yeye.

Halafu muulize kama maneno hayo yanaweza kuandikwa. Wewe utakuwa msomi, utakuwa na sababu nzuri, kama mimi nilivyokuwa na sababu nzuri. Akikataa, yaache. Akikubali, andika jina la Anjelina, na zile herufi zangu mbili zieleze kwa urefu ni za nani na alifanya nini. Usinionee haya. Nimekwisha kuona haya kwa niaba ya watu wengi, imetosha.

Mama Masanja amemaliza kichwa chako. Amekupa kioo, unajitazama upande huu na upande ule. Mmeanza kucheka jambo fulani, wewe na yeye, na sasa hivi nimesimama kufunga dirisha mkanyamaza wote wawili mkanitazama. Nimelifungua tena, nimekaa chini, nimekohoa. Haya, mmeendelea.

Barua hii nitaiweka juu kabisa ya sanduku, chini ya kanga ya mama yako, uipate ukiwa njiani, ukiwa bado na muda wa kushuka.

Kuna mstari wa tano, Yusta. Ule niliousimamisha kwa mkono. Nimeuwaza maisha yangu yote tangu hapo. Wakati mwingine nadhani alikuwa ananilaani, na wakati mwingine, hasa nikiwa peke yangu, nadhani alikuwa anasema nirudi. Sina kitu duniani ninachotamani kukijua kuliko hicho. Faustina atakuimbia. Utausikia, na utajua mama yako alitaka kuniambia nini siku ile.

Usiniandikie mstari huo. Hata nikikuomba. Hata nikizeeka nikakutumia barua ya kukusihi, usiniandikie. Ni wa jiweni. Niambie tu kwamba uliuitikia.

Ni mimi baba yako, niliyekaa hatua ishirini kutoka kwako nikikusikiliza unacheka.